Macho Mekundu Kwenye Mitende

Kisumu,
Jumapili jioni.

Mke wangu Mwanahamisi,

Assalamu alaikum, wewe na wote mnaolala chini ya makuti yale niliyoyaezeka kwa mikono yangu. Nataka nikuulize kwanza kabla sijasema ya kwangu. Kifua cha mama kinaendeleaje? Bado anakohoa asubuhi, au ile tangawizi imemsaidia? Sikio la Fatuma limekauka? Saidi ameacha kumwaga uji makusudi? Na wewe mwenyewe, mgongo ule wa kuinamia mikeka unasemaje? Usiniandikie kwamba hamjambo nyote kama unavyopenda kufanya. Niambie ilivyo.

Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi.

Najua umepiga simu mpaka umechoka, na kila mara umeambiwa mteja hapatikani. Simu yangu ilivunjwa. Nitakueleza ilivyovunjwa. Ningeweza kuazima ya mtu nikupigie, lakini wewe huzungumzia uani, na sauti ya simu yako husikika hadi kisimani. Haya si maneno ya kusikika kisimani. Barua hii nampa ustadhi wa msikiti tunaoswali hapa, ambaye kesho anasafiri kuja Mombasa kumtazama bintiye, na ameniahidi atashuka mpaka Gazi akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza, kisha umsomee mama zile sehemu utakazoona zinamfaa.

La kwanza ni hili: usifunge mizigo. Kama umeshafunga, fungua. Najua tulikubaliana kwamba shule zikifungwa mtakuja nyote, na najua Fatuma ameshawaambia wenzake kwamba anakwenda kuona ziwa. Mwambie ziwa halihami. Mimi sitaki mje sasa, na nikikwisha kukusimulia hutataka mwenyewe.

Unakumbuka nilikwambia kitalu cha miche cha Mama Adhiambo kiko kwenye njia ya kwenda Dunga, karibu na maji kiasi kwamba asubuhi unasikia ndege wa kwenye mafunjo. Mama Adhiambo ni mjane, mtu mkali wa maneno na mwepesi wa huruma. Alinichukua kwa sababu mimi ni mtu wa Pwani na yeye alikuwa anaanza biashara ya mitende na mikindu ya mapambo, ile wanayopanda mbele ya hoteli na makanisa. Alisema mtu aliyezaliwa chini ya mnazi hawezi kuua mtende. Tulikuwa watatu kazini: mimi, msimamizi wetu Otieno, na Mzee Okumu aliyekuwa mlinzi wa langoni. Mzee Okumu alikuwa mtu wa umri wa baba yako, na alipenda sana kunifundisha Kijaluo na kunicheka nikikosea.

Mambo yalianza baada ya mvua za masika. Asubuhi moja nilikuta mitende ya safu ya nyuma imeliwa. Majani yalikuwa yameondoka yote, umebaki uti wa katikati tu, kama njiti za ufagio. Kesho yake safu ya pili ikawa vilevile. Mchana tukitafuta hatuoni kitu, panzi wala panya wala kinyesi cha mbuzi. Mama Adhiambo alikuja akasimama na mikono kiunoni.

"Athumani, wewe ndiyo mtu ya minazi. Hii inakula miti yangu ni mnyama gani?"

"Sijamwona bado, Mama."

"Basi mwone haraka. Ile mitende ya ukumbi nimeahidi watu, na siku yao ya ufunguzi iko karibu."

Nilianza kupekua jani kwa jani, na ndipo nilipoona kwamba baadhi ya chane zilikuwa zimekunjwa na kushikana ukingo kwa ukingo, kama mtu aliyezishona kwa uzi mweupe mwembamba sana. Nilipozitenganisha niliona kiwavi amelala ndani, laini, mwenye rangi ya kijani iliyofifia kama mtu aliyekosa jua, na kichwa kikubwa kuliko shingo, chenye mistari ya kahawia. Ukikitazama kichwa kile upesi unadhani ni uso. Nikacheka peke yangu, maana nilimjua. Wewe pia unamjua, ila humjui kwa jina. Unakumbuka zile chane za ukindu ulizokuwa ukizitupa kwa sababu zimegandana kwa utando? Basi ndiye huyo. Kwetu yupo kwenye mikindu na minazi tangu zamani, anakula kidogo na kuondoka, na hakuna aliyewahi kumsemea neno.

Kuna afisa wa kilimo, mama mmoja mpole mwenye miwani, ambaye hupita kitaluni mara kwa mara. Nilimwonyesha. Alifurahi kama aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Akaniambia huyo ni kiwavi wa kipepeo, wa jamii ile inayoruka kwa kushtuka-shtuka, na kwamba chakula chake ni miti ya jamii ya mnazi: mikindu, mitende, mivumo, hata minazi yenyewe. Kipepeo jike hutaga mayai yake moja moja juu ya jani. Kiwavi akitoka hushona nyumba yake kwa jani, mchana hulala humo, na giza likiingia hutoka kula. Akikua jani likawa dogo, huhama akashona nyingine kubwa zaidi.

"Usipige dawa," akaniambia. "Dawa haitamfikia ndani ya jani. Pita mchana, fungua zile zimeshonwa, watoe na mkono. Na ukiona kiwavi amebeba vifuko vidogo vyeupe mgongoni, huyo muache. Hivyo ni vya nyigu mdogo sana, wanamla huyo kiwavi kutoka ndani. Hao nyigu ndio wafanyakazi wako."

Mwanahamisi, viwavi wa namna hiyo niliwaona. Nyigu humtagia mayai mwilini angali mzima, na yeye huendelea kula jani, na hao walio ndani huendelea kumla yeye, mpaka siku watokapo kupitia ngozi. Nilimtazama mmoja akitafuna huku mgongo umeshafunikwa na vifuko vile. Sikupenda kumtazama zaidi.

Afisa aliniomba niwafuge wachache niangalie wanachukua muda gani kuwa vipepeo, ili tujue lini wengine watatokea. Nikawatia kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, nikafunika kwa kitambaa cha neti, nikaiweka dirishani kwangu na kuwatilia majani mabichi ya mkindu. Walikula, wakanenepa, kisha wakajifunga ndani ya jani na kuacha kula. Nilipochungulia nikaona kila mmoja amegeuka pupa, amelala kimya amepakwa unga mweupe mwili mzima, kama maiti aliyenyunyiziwa kafuri. Nilijua ni unga tu. Lakini ulikuwa unaonekana hivyo.

Vipepeo wenyewe tulianza kuwaona kitaluni wakati wa magharibi. Si wa kupepea taratibu kama wale wa maua ya mchana. Ni wa kahawia iliyoiva, na madoa machache meupe, wanene wa mwili, na wanapita kwa kasi mpaka unasikia upepo wao sikioni. Jua likizama walikuja kwenye taa ya langoni alipokaa Mzee Okumu, na mwanga ukiwapiga macho yao yanawaka mekundu.

"Athumani," Mzee aliniambia jioni moja, "hii ndege yenu ina macho kama moto ya sigara."

"Si ndege, Mzee, ni kipepeo."

"Kipepeo gani inatembea na giza? Kipepeo ni ya mchana."

Otieno alikuwa anafunga bohari, akacheka. "Mzee, uliza yeye vizuri. Huko kwao Pwani si ndiyo watu wanafuga majini?"

Sote tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Hata hivyo Mzee Okumu tangu jioni ile alihamisha kiti chake akakaa mbali na taa.

Nadhani maneno yalianzia hapo, maana Otieno ni mtu wa kusimulia. Nilipokuwa nanunua maziwa dukani watu walinyamaza. Jirani yangu Mama Apiyo, tunayepakana mlango kwa mlango, yule niliyekwambia alinipa sufuria nilipofika sina chombo, aliacha kunisalimu. Siku moja alikuja kuomba kiberiti, akaiona ile chupa dirishani. Alisimama akaitazama, akaondoka bila kiberiti. Siku mbili tatu baadaye nilisikia neno nyuma yangu nikienda kuteka maji: jajuok. Ndivyo wanavyomwita mtu anayetembea na uchawi gizani. Nilijifanya sikuelewa. Neno lile lilikuwa la mwanzo Mzee Okumu kunifundisha, kwa mzaha.

Sasa sikiliza siku yenyewe.

Siku ya ukumbi ilikaribia, na viwavi walikuwa wengi kuliko mikono yangu. Nilikuwa natoa ndoo kwa ndoo, na asubuhi nakuta majani mengine yameliwa. Otieno akaja na chupa ya soda kutoka soko la Kibuye, haina karatasi wala maandishi, ndani yake maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa. Alipoifungua tu, harufu ilinipanda kichwani.

"Otieno, hiyo ni nini?"

"Ni dawa. Jamaa amesema hata nyoka inakufa."

"Afisa alisema tusipige."

"Afisa halipwi na hii mitende. Mama anataka miti, wewe unataka kushikashika minyoo na vidole."

Mama Adhiambo hakuwepo. Otieno alinituma Mamboleo kufuata samadi na mkokoteni. Nilipokuwa natoka nilimwona anamimina ile dawa kwenye bomba la mgongoni, bomba bovu ambalo tulijua linavuja kwenye mshipi, na Mzee Okumu amesimama tayari amevua shati. Yeye zamu yake ilikuwa imekwisha, lakini Otieno alimwambia asaidie kidogo ndipo aende kulala. Nilirudi nikamwambia, "Mzee, hilo linavuja, vaa kitu." Akanipungia mkono. "Enda, mtu ya Pwani. Mimi nimepiga dawa kwa pamba kabla hujazaliwa."

Niliporudi na samadi mchana, kitalu kilikuwa kimya. Chini ya mitende kulikuwa na nyuki wengi wamekufa, na wale nyigu wadogo, na mjusi mmoja amelala chali. Mzee Okumu alikuwa ameshapelekwa hospitali. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliniambia alianguka pale langoni, mate yanamtoka, jasho linamtiririka, miguu inamtetemeka yenyewe. Otieno alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananawa mikono kwa sabuni, ananawa tena.

"Umewaambia hospitali habari ya dawa?" nikamuuliza.

"Dawa gani? Mzee ana presha. Amekaa akiangalia hivyo vitu vyako vya macho nyekundu kila jioni, sasa imemshika."

"Otieno, chupa iko wapi?"

"Chupa gani?"

Alinitazama usoni aliposema hivyo, na nilijua kwamba maneno hayo ameshawaambia watu kabla yangu.

Sikubishana naye. Nilikwenda kwenye shimo la takataka nyuma ya bohari, nikachakura kwa reki mpaka nikaipata, imezikwa chini ya majani makavu, bado ina kidogo ndani. Nikaifunga kwenye mfuko juu ya mfuko, nikatoka nikimbilie bodaboda.

Langoni nilikutana nao. Walikuwa vijana na watu wazima, na akina mama wamesimama nyuma, na mmoja ameshika ile chupa yangu ya dirishani. Mlango wangu walikuwa wameuvunja. Ndani ya chupa kulikuwa na vipepeo wawili waliotoka asubuhi ile, wanajigonga kwenye neti, na chini ya miguu yao zile pupa nyeupe.

"Hii ni nini?" aliuliza aliyeishika.

"Ni viwavi wanaokula mitende. Afisa wa kilimo aliniomba..."

"Kwa nini imevaa sanda?"

"Ni unga tu, ndugu yangu. Hujitengenezea wenyewe."

"Na Mzee Okumu naye amejitengenezea mwenyewe?"

Nikamtafuta Mama Apiyo kwa macho nikamwona, naye akainamisha uso. Mtu alinisukuma kutoka nyuma. Nilitoa simu nimpigie Mama Adhiambo, ikapigwa ikaanguka kwenye lami, na kiatu kikaja juu yake. Mwenye chupa akaitupa ukutani. Vipepeo wakaruka, na watu wote wale, Mwanahamisi, wakubwa kwa wadogo, wakarudi nyuma kwa mayowe. Kisha hofu yao ikawa hasira, nikaona mtu anainama kuokota jiwe. Mimi nilikuwa nimekumbatia ule mfuko tumboni. Nilichokuwa nafikiri ni kwamba ukipasuka nitakufa kwa kilichomo, na usipopasuka nitakufa kwa mawe.

Mama Adhiambo, aliyekuwa amepigiwa simu na yule jirani wa ng'ambo ya barabara, alifika wakati huo. Aliacha gari katikati ya barabara mlango wazi, akapita katikati yao akanishika mkono.

"Huyu anafanya kazi kwangu. Mtu akimgusa amenigusa mimi. Athumani, hiyo umeshika ni nini?"

"Ndiyo dawa aliyokuwa anapiga Mzee. Madaktari hawajui."

Alinisukuma ndani ya gari. Jiwe moja liligonga kioo cha nyuma tukiondoka, likakiacha na ufa.

Hospitali daktari wa zamu alikuwa binti mdogo. Alifungua mfuko kidogo tu, akaufunga, akaenda kwa Mzee akammulika macho kwa tochi. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Akamwita muuguzi kwa sauti, wakaanza kumdunga sindano moja baada ya nyingine, wakamvua nguo zote na kumwosha mgongo ambao ulikuwa bado unanuka. Alinigeukia akasema, "Saa zote hizi tumemtibu presha. Mngekuja na hii saa ile ile." Mama Adhiambo alikaa kwenye benchi akajifunika uso kwa leso.

Mzee alipata nafuu mbele ya macho yetu. Mate yakakauka, pumzi ikatulia, akamtambua mkewe aliyekuwa amefika kutoka Nyakach, akamwambia kwa Kijaluo jinsi lile bomba lilivyomvujia mgongoni na jinsi Otieno alivyomwambia maliza tu safu hii. Kisha akaniona mimi.

"Athumani. Ile ya macho nyekundu. Ni kipepeo tu?"

"Ni kipepeo tu, Mzee wangu. Wallahi."

"Basi nimeogopa bure," akasema, na akajaribu kucheka.

Tuliamini amepona. Kesho yake alfajiri pumzi zilianza tena kumshinda, na sindano hazikufua dafu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hakuwa Muislamu, lakini nilimsemea, maana sikuwa na maneno mengine.

Otieno ametoroka. Wanasema amevuka mpaka pale Busia. Polisi walichukua maelezo yangu na ile chupa, wakaniambia niende nitaitwa.

Nililala kwa Mama Adhiambo mpaka siku ya mazishi. Watu wengi waliniambia nisiende. Lakini mke wa marehemu alituma ujumbe kwamba anataka yule mtu wa Pwani aje aseme mwenyewe alichokiona. Tukaenda. Kulikuwa na mahema na kipaza sauti, na waombolezaji mpaka barabarani. Niliposimama, sauti moja ilipaa kutoka nyuma: "Aseme alileta nini hapa!" Nikasema kwa Kiswahili, na mpwa wa marehemu akatafsiri. Nikawaeleza kiwavi ni nini na anakula nini, na chupa niliikuta wapi, na bomba lilivyokuwa linavuja. Wako walioinuka wakaondoka nikiwa bado nasema. Kisha mama yule, mke wa Mzee, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu.

"Mume wangu aliniambia na mdomo yake mwenyewe," alisema. "Anayetaka kusema ingine, aseme kwanza kama alikuwa pale kitandani."

Akanishika bega akaniongoza mpaka kaburini, nikatia udongo pamoja na wanawe.

Utadhani hapo yaliisha. Nilirudi chumbani kwangu, nikatengeneza mlango. Kitaluni nilipofungua majani yaliyoshonwa, viwavi walikuwa hai ndani yake, wazima kabisa, wananitazama na zile nyuso zao. Dawa haikuwafikia, kama afisa alivyosema. Waliokufa ni nyigu wao, na sasa hapana wa kuwapunguza. Mama Adhiambo aling'oa mitende yote akaichoma, na ukumbi haukupata hata mmoja. Jioni za sasa vipepeo wanapita langoni hawana pa kutaga, wanaelekea kwenye mikindu ya porini iliyo kandokando ya ziwa.

Juzi nilikwenda Kibuye. Nilitaka kumwona huyo mwenye kuuza. Nilimpata kwenye meza ya mapanga na mitego ya panya, kijana mchangamfu. Nikamuuliza ile dawa ya chupa ya soda.

"Hiyo imeisha, mzee wangu. Wamama wa mboga wa hapa sokoni wamebeba yote, wanapiga kwa sukuma huko Nyamasaria mtoni. Rudi Jumatano, mzigo mwingine unaingia."

Nilimwambia imeua mtu. Akanitazama, akaisikia lafudhi yangu, na uchangamfu ukamtoka. "Wewe ndiyo yule?" akauliza. Watu wa meza za jirani waligeuka. Niliondoka. Nimemwambia afisa wa kilimo, naye amepeleka habari kwa wakubwa zake, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Leo magharibi, nilipotoka kuswali, Mama Apiyo alikuwa amesimama mlangoni kwangu na sahani iliyofunikwa. Ugali na sukuma wiki. Alikuwa hajanisemesha tangu siku ile.

"Athumani, mimi ndiyo nilisema habari ya chupa yako," akasema. "Sikujua itakuwa hivyo. Kula."

"Mama, hii mboga umenunua wapi?"

"Kibuye. Kwani?"

Alikuwa analengwa na machozi, na watoto wake walikuwa mlangoni kwao, midomo bado ina mafuta ya mboga ile ile. Nilimweleza niliyoyasikia kwa yule muuzaji. Nilimwona hataki kuamini kwamba namwambia hayo kwa wema. Akasema, "Nimeiosha mara tatu. Sisi tumekula." Akabaki amesimama. Ningeirudisha sahani ile, Mwanahamisi, ningekuwa nimemkataa yeye mwenyewe, na plot nzima, wapangaji wote, ilikuwa inaangalia. Nikanawa mikono, nikasema bismillahi, nikala. Ilikuwa tamu. Ndipo nikaingia ndani nikaanza kukuandikia.

Nitaondoka hapa polisi wakishamalizana nami, si kabla. Nikikimbia sasa watasema Otieno alikuwa mkweli. Wewe bakia huko na watoto. Kazi Pwani haitakosekana milele.

Nisalimie mama sana, umbusu mkono kwa niaba yangu, na umwambie nimenenepa. Msalimie baba mkwe, na yule shemeji yangu mvuvi wa pweza asiyechukua tahadhari baharini. Msalimie shangazi mshonaji, na mwalimu wa chuo cha watoto, na jirani yetu mkwezi. Mwambie akiona makuti yameshonwa na viwavi ayaache yalivyo. Fatuma na Saidi wabebe wote wawili kwa pamoja, hata kama mgongo unauma.

Aliye mbali na mkeka wako,
mumeo Athumani.

Jumatatu asubuhi.

Nimeifungua tena bahasha, ustadhi ananisubiri nje. Nimeamka salama. Lakini mlango wa Mama Apiyo ulikuwa umefungwa, na yeye ndiye huamka wa kwanza hapa, nami husikia ufagio wake kabla ya adhana. Leo kimya, yeye na watoto. Nilisimama mbele ya mlango ule nikashindwa kuinua mkono. Nilipogonga hakikusikika kitu. Nikagonga tena kwa ngumi.

Akafungua, macho yamejaa usingizi. Walichelewa kulala tu, mtoto alikuwa na mafua. Aliuona uso wangu akacheka, akasema nimekuwa mwoga kama kuku.

Akaniambia mboga imebaki, nije tena jioni.